Uchafu wa Kipimo

Sahani ilikuwa na matabaka mawili.

Inspekta Wuryani aliigeuza chini ya taa ya meza, pua kaifunga kwa kitambaa chenye mafuta ya karafuu, na bado harufu ilipenya katikati ya karafuu kama mwizi anayejua uani. Juu palikuwa na utando wa manjano, mafuta ya gulai, mchuzi wa mbuzi wenye bizari, iliyoliwa harusini siku sita zilizopita. Akachokoa kwa ncha ya kisu. Utando ukabanduka kipande kizima, kama gamba la kidonda, na chini ya manjano kulikuwa na weusi. Ni weusi wa rawon, ule mchuzi wa nyama ambao ukimwagikia shati jeupe ni afadhali shati ulizike tu.

Harusini hapakupikwa rawon.

Akachukua sahani ya pili, ya tatu, hadi ya kumi. Saba kati ya hizo zilikuwa hivyo hivyo, manjano juu, weusi chini. Alipomaliza alikwenda kunawa mikono mara tatu, akarudi, akainusa, akaenda kunawa ya nne.

Mwenye sahani alikuwa mahabusu, milango miwili tu kutoka pale. Bu Painten, yaani Mama Painten, mpishi wa shughuli, kalisha watu wa mji wa Sidoarjo, Java, miaka thelathini, harusi na misiba, na hakuwahi kulalamikiwa hata chumvi. Alikiri bila kusukumwa kwamba rawon aliipika siku tatu kabla ya harusi, kwenye dua ya siku ya saba ya jirani aliyefariki, na sahani zilikuwa hizo hizo. Alisema aliziosha kwa mikono yake, pamoja na shangazi zake wawili, kuanzia adhuhuri mpaka kiuno kikagoma. Ikiwa sahani zilisema kweli, wageni wa harusi walikula gulai juu ya mabaki ya matanga. Sitini na mmoja walitapika mpaka wakatapika hewa. Ami yake bwana harusi, mzee wa miaka sabini na minne, hakuwahi kusimama tena.

Sufuria ya gulai ilipimwa hospitali ikakutwa salama. Vijidudu vilijaa kwenye mafuta ya sahani. Kwa hiyo swali lilibaki moja tu, na mwendesha mashtaka aliliuliza kwa simu asubuhi ile bila hata salamu: yule mama aliosha au hakuosha? Akataka jibu saa kumi jioni. Kama hakuosha, anakwenda rumande kwa kifo cha mzee.

Inspekta akachukua dumu la sabuni la Bu Painten, jipya, lakiri haijavunjwa, toleo lile lile alilooshea sahani. Lilikuwa la manjano, na juu yake picha ya binti mfalme anayejitazama kwenye sahani. Chapa ya Putri Gilap. Akaliweka kwenye gari na kuelekea Gresik, kiwandani.

Pak Sukendar, yaani Bwana Sukendar, mkuu wa ubora, alikuwa na adabu nyingi kiasi kwamba ukimkanyaga atakuomba radhi yeye. Alimpokea mgeni getini, akamletea chai ya sukari tele, akasikitika kuhusu mzee, akasikitika kuhusu wagonjwa, akasikitikia hata foleni ya barabarani. Kisha akaleta jalada la toleo lile. Sahani ishirini na nne zilitakata kabla povu kufa. Kiwango cha kupita ni ishirini.

Inspekta alikuja na dhana yake tayari. Aliamini kiwanda kinatengeneza sabuni mbili, moja ya kupelekwa maabara na nyingine ya kuuziwa watu. Akaomba daftari la sampuli, akalinganisha tarehe, akauliza nani huchota, anachotea wapi, nani hufunga chupa. Kila jibu lilikuwa na karatasi yake. Basi akaliweka dumu la Bu Painten mezani, akasema anataka lipimwe hili, mbele yake, sasa hivi.

Alitegemea wababaike. Pak Sukendar akasema ni heshima kubwa kwao.

Mpimaji aliitwa Nastiti, binti wa miaka ishirini na saba hivi, msafi mpaka kwenye kucha, ambaye hakuzungumza ila alipoulizwa. Aliwasha kiyoyozi, akapima maji lita nne, akatia kijiko kimoja cha sabuni, akakoroga mpaka povu likasimama kama kilemba. Kisha akafungua friji ndogo na kutoa chupa pana iliyoandikwa UCHAFU.

Maana sabuni haipimwi kwa sahani safi. Kila maabara ya sabuni hupika uchafu wake, kwa kanuni, kwa mizani, ili uchafu wa leo ufanane na wa mwakani. Kanuni ya pale ilibandikwa ukutani juu ya sinki, na Inspekta aliisoma yote kwa mazoea ya kipolisi, kama asomavyo hata matangazo ya madaktari wa meno: mafuta ya nguruwe, unga wa ngano, mayai, masizi, changanya, acha siku tatu uive.

Uliiva. Nastiti alipofungua kifuniko, harufu ya yai viza ilitoka na kuketi na kila mtu chumbani. Inspekta, aliyewahi kumtoa maiti kisimani wiki ya tatu bila kukunja uso, aligeukia dirisha. Ndani ya chupa palikuwa na uji wa kijivu, madoa meusi yakielea, na juu yake kiputo kimoja kilichopasuka taratibu kana kwamba kitu kilichomo kinapumua.

Binti akapaka kijiko kimoja kwa kila sahani, akaziegemeza kwenye chano, akaanza kuosha moja moja kwa brashi. Sahani ya tano, povu lipo. Ya kumi, lipo. Maji yakawa rangi ya mtaro wa soko la samaki, na vipande vya yai vikazunguka juu yake, lakini sahani zilitoka ziking'aa. Povu lilikufa kwenye ya ishirini na tano.

Ishirini na nne, sawasawa na jalada.

Pak Sukendar hakushangilia. Akasema kwa adabu:

"Sabuni ni sabuni, Bu. Kilichobaki ni mkono wa mwoshaji."

Akaongeza kwamba yuko tayari kuliandika hilo na kulitia sahihi, kama litamsaidia mwendesha mashtaka. Ilikuwa saa sita. Akasema mgeni asiondoke na njaa, akamwonyesha njia ya kantini, yeye akaelekea msikitini.

Kantini waliuza supu ya mkia wa ng'ombe. Inspekta aliagiza kwa sababu kukaa bila kitu mbele yake kungemlazimu kufikiri juu ya ile chupa. Akanywa vijiko viwili tu. Kiyoyozi kilimpulizia bakuli, na alipokuwa akimwandalia mwendesha mashtaka maneno ya kushindwa, mafuta ya supu yakaanza kuganda. Kwanza kingo, kisha katikati, mpaka bakuli likafunikwa na ngozi nyeupe. Aligusa kwa kijiko. Ngozi ikakunjamana, haikuvunjika. 

Alipopeleka bakuli dirishani alimkuta mpishi wa kantini, mama mnene mwenye mikono ya mcheza mieleka, anasugua vyombo kwa majivu na maji yaliyochemka mpaka mvuke umemficha uso. Dumu la Putri Gilap lilikuwa kando, limejaa, limeota vumbi. Inspekta akamwuliza, ndani ya kiwanda cha sabuni, majivu ya nini.

"Ile ni ya kufurahisha macho, Bu," mpishi akasema bila kuinua kichwa. "Povu kama bahari. Mafuta yanacheka tu."

"Umewaambia wakubwa?"

"Mimi? Niwaambie watu wenye shahada?"

Inspekta akalirudisha bakuli lake kifuani kama mtu aliyebadili nia ya kumpa mtu mtoto, akapanda nalo ngazi kurudi maabara.

Nastiti alikuwa bado hajamaliza kusafisha. Sahani tatu zilizopakwa uchafu na hazikuoshwa zilikuwa zingali zimeegemea kwenye chano. Inspekta aliinama akazitazama. Uchafu haukuwa pale ulipopakwa. Ulikuwa umeteleza wote mpaka ukingo wa chini, umefanya kidimbwi, na nusu ya juu ya kila sahani ilikuwa tupu, nyeupe. Kiyoyozi kilikuwa kile kile, baridi ile ile, na bakuli alilobeba ungeweza kuligeuza chini juu lisimwage kitu.

Akaliweka bakuli mezani. Akatia kidole kwenye kile kidimbwi, akasugua kwa gumba, akakipeleka puani.  Kwanza yai viza. Akangoja, akavuta tena, ndani zaidi, nyuma ya yai. Hapo palikuwa na harufu tamu, ya kizamani, kama nywele za bibi aliyetoka kuoga.

Nazi.

Akanawa mpaka kiwiko. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na binti, akateremsha sauti.

"Mbak Nastiti, kwenye chupa hii mna mafuta gani?"

"Ya kwenye kanuni, Bu."

"Kanuni inasema nguruwe. Umewahi kuyashika?"

Binti alitazama ushungi wa Inspekta, kisha wake mwenyewe kwenye kioo cha kabati.

"Mimi Mwislamu, Bu."

"Hata mimi."

"Basi unaelewa."

"Naelewa kwamba hukuyashika. Nataka kujua ulishika nini."

 Nastiti alikunja kitambaa cha mezani mara nne, akakikunjua, halafu hadithi ikatoka yote kwa sauti ndogo, kama maji ya bomba bovu. Zamani uchafu ulipikwa na Tante Altje, mama mmoja Mkristo wa Manado, ambaye aliuchemsha nyumbani kwake na kuuleta ndani ya kopo la biskuti, na wengine wote walishukuru Mungu kwa kuumbwa Tante Altje. Miaka mitatu iliyopita akastaafu. Wakati huo huo kiwanda kilikuwa kinaomba cheti cha halali, na tangazo likabandikwa kwamba kitu chochote cha nguruwe kisivuke geti. Lakini kanuni ya ukutani ilitoka makao makuu, na hakuna aliyeibadili. Kwa hiyo ikawa ni marufuku kuyaleta mafuta hayo na ni lazima kuyatumia.

Inspekta akauliza kwa nini hawakutia shahamu ya ng'ombe, yenye kuganda vilevile. Nastiti akasema walifikiria. Ila ilibidi mtu aende akamwulize Pak Sukendar, na kumwuliza kungekuwa ni kumwambia kwamba kuna jambo alisahau kulifikiria, mbele ya watu. Afadhali umpige kofi. Wakakaa wanangojeana, kila mmoja na haya zake, na Jumatatu ya kipimo ikafika na friji haina kitu. Mtu mmoja, hata hakumbuki nani, akaleta chupa ya mafuta ya nazi ya kupaka nywele, ya aina isiyoganda hata kwenye friji. Ilikuwa ni kwa siku ile tu.

Inspekta akampigia simu Tante Altje. Yule mama alicheka mpaka akakohoa. Alisema siku ya kuagwa aliwauliza nani atarithi kopo lake, wakamkatia keki.

Yaliyofuata Inspekta aliyasoma mwenyewe kwenye majalada, akiyapanga kwa tarehe. Kwa uchafu wa Tante Altje sabuni ilikuwa ikiosha sahani ishirini na moja. Mwezi uliofuata, kwa nazi, ikaosha arobaini. Pak Sukendar alipongezwa kwa barua. Kisha huko juu mtu akaona kwamba sabuni yenye nguvu za kiasi hicho ni ubadhirifu, ikapunguzwa makali. Thelathini na tano. Ikapunguzwa tena. Ishirini na tisa. Ikapunguzwa mara ya tatu, ikafika ishirini na nne, na bado ilikuwa inapita. Kila karatasi ilikuwa na sahihi, na kila sahihi ilikuwa ya mtu mpole. Alifunga jalada kwa ncha za vidole. Lilimtia kinyaa kuliko ile chupa, maana chupa angalau ilinuka.

Akamsukumia Nastiti bakuli la supu.

"Pima kwa hili."

Binti akakwangua ile ngozi nyeupe, akaipima kwenye mizani, akaichanganya na unga, yai na masizi, akapaka sahani mpya. Safari hii uchafu ulikaa palepale ulipowekwa. Maji lita nne, kijiko kimoja, povu likasimama kama kilemba.

Pak Sukendar aliingia binti akiwa kwenye sahani ya pili, uso bado una utulivu wa swala. Akasimama mlangoni. Sahani ya tatu ilitoka, si ya kung'aa, lakini ukiwa na huruma ungesema imetakata. Kwenye ya nne povu lilizama lote kwa mkupuo mmoja. Brashi ikawa inasukuma tope huku na huko, na mafuta yakapanda mikono ya Nastiti mpaka kwenye viwiko, yakamganda kwenye ngozi.

"Kuna nini?" Pak Sukendar akauliza taratibu.

Inspekta akamwambia kwamba uchafu wao wa kipimo si sahihi, na akanyamaza hapo.

"Bu, kwa heshima zote, mafuta ni mafuta. Ya nazi nayo ni mafuta vilevile."

"Sijataja nazi, Pak."

 Pak Sukendar alitazama chupa, akatazama binti, kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, hakuwa na la kusikitikia. Halafu akasema kwamba hata hivyo kipimo cha supu ya kantini si kipimo, hakimo kwenye kanuni yoyote. Inspekta akakubali kabisa. Akasema ndiyo maana anachohitaji si namba ya leo peke yake. Anahitaji kuandikwa kwenye daftari, kwa mkono wa mpimaji, ni nini kilitumika kwa miaka mitatu. Hapo jalada la toleo lile linakufa lenyewe, na hakuna mtu atakayesimama mahakamani kusema kilichobaki ni mkono wa mwoshaji.

"Mbak," Pak Sukendar akasema, mpole kama daktari. "Hebu tuzungumze kwanza sisi kwa sisi. Hakuna haja ya kumwaibisha mtu."

Nastiti alikuwa anafuta mafuta mikononi na hayatoki. Alijaribu karatasi, akajaribu kitambaa. Mwishowe, kwa mazoea, akachovya mikono kwenye Putri Gilap akasugua, akaitoa ikiwa imeteleza zaidi kuliko mwanzo.

"Yule mama ana umri gani, Bu?" akamwuliza Inspekta.

"Hamsini na nane."

"Aliosha kwa masaa mangapi?"

"Anasema tangu adhuhuri mpaka magharibi."

Binti akavuta daftari. Kwenye safu ya sahani akaandika 3. Kwenye safu ya uchafu akaandika: shahamu ya ng'ombe. Halafu akashuka mstari, akaandika kwamba tangu Tante Altje astaafu, katika vipimo vyote alivyovitia sahihi, kilichotumika ni mafuta ya nazi, na kwamba mkuu wa ubora alijua. Akatia sahihi. Vidole vyake viliacha alama za mafuta ukurasa mzima, zikaonekana kwenye nakala.

Saa kumi kasoro dakika tano mwendesha mashtaka alisoma nakala ile kwa simu, akatukana kidogo, akafuta shtaka.

Inspekta Wuryani alimfungulia Bu Painten mwenyewe. Alimweleza kwa ufupi, bila nguruwe na bila mizani: uliosha, sabuni haikuosha. Mama alisikiliza amekaa, mikono magotini. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imechubuka mpaka kwenye mistari, na ndani ya mistari kulikuwa na weusi kidogo.

"Kwa hiyo sikuosha vibaya."

"Hukuosha vibaya."

"Lakini walikula."

Inspekta akaketi kando yake.

"Hayo ya maabara utawaeleza nani mtaani kwetu?" Bu Painten akasema. Hakuwa analia, alikuwa amechoka. "Watu hawatasema sabuni. Watasema sahani za Painten. Wewe umenitoa hapa, ahsante. Nakwenda kukaa nyumbani na sufuria zangu, tutazamane. Nani atakula kwangu tena?"

Mlangoni askari alikuwa anangoja na funguo. Ile harufu ya asubuhi ilikuwa bado imekaa kwenye pua ya Inspekta, manjano juu na weusi chini. 

"Mama yangu anatimiza siku mia kaburini Alhamisi ijayo," akasema. "Nataka rawon."

Bu Painten alimwangalia usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua samaki sokoni, akitafuta huruma, na kama angeiona angeondoka zake. Kisha akasimama, akakaza mtandio.

"Watu wangapi?"